Titaniamu au aluminiamu? Kuchagua viunzi na bolti za kupigia anodaizi

Ukitaka kujua kama karakana inapiga anodaizi sawasawa, yaani inavivisha vipande vya aluminiamu gamba gumu la oksidi kwa umeme ndani ya asidi, usitazame rangi za vipande vilivyopangwa mezani. Tazama vilitundikwa na nini, yaani viunzi na ndoano zilizovishika ndani ya asidi. Wengi wanaoanza kazi hii hapa visiwani hutia fedha kwenye chaja kubwa, wakaumiza kichwa kwa rangi nyekundu na buluu, halafu kipande wakakifunga kwa waya wowote uliookotwa chini ya benchi. Kazi ikitoka na mabaka, lawama zinakwenda kwenye asidi.

Nimeandika haya kwa fundi mwenye karakana ndogo, awe Mwanakwerekwe au Wete, anayeletewa mikono ya taa za wazamiaji kutoka Nungwi, vishikizo vya boti za faiba, bawaba, vipuri vya Vespa, na vitasa vya hoteli za ufukweni ambavyo hewa ya chumvi imeshavitia ukurutu mweupe. Mwenye kiwanda cha kuanodaizi maboriti ya mita 6 hesabu zake ni nyingine.

Kwanza tukubaliane nini kinatokea ndani ya pipa, maana uchaguzi wote unatoka hapo. Kipande cha aluminiamu kinaungwa upande wa chanya, sahani za aluminiamu au risasi upande wa hasi, vyote vikiwa ndani ya asidi ya salfa ya asilimia 15 hadi 20 kwa uzito, joto likiwa karibu nyuzi 20. Unapitisha umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu, volti 12 hadi 18, ampea 1.2 hadi 1.8 kwa kila desimita mraba ya uso wa kipande. Gamba la oksidi linaota kutoka kwenye chuma chenyewe. Kwa hesabu ya haraka, ampea 1 kwa desimita mraba kwa dakika 1 inajenga kama maikroni 0.3 (maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kwa hiyo ampea 1.5 kwa dakika 30 zinakupa maikroni 13 na ushei, na kwa dakika 45 unafika 20. Kitu cha ndani ya nyumba 13 zinakitosha. Cha kukaa nje, Matemwe au Kizimkazi, mimi naanzia 20.

Gamba hilo halipitishi umeme. Njia pekee ya umeme kuingia kwenye kipande ni pale kiunzi kinapokiuma, na pale pakilegea hata kwa unene wa unywele, asidi inapenya, gamba linaota katikati ya viwili hivyo, na njia imefungwa. Utaona ampea zinashuka ghafla kazi ikiwa bado mbichi. Kuongeza volti hakusaidii kitu, kwa sababu mlango umeshajifunga. Kipande kitatoka na gamba jembamba na rangi haitashika, au itashika upande mmoja tu.

Basi swali la kujiuliza dukani ni hili: chuma hiki kitauma kwa nguvu, kitapitisha umeme, na kitabaki hivyo mara ngapi kabla sijakihudumia upya? Bei inakuja baadaye.

Aluminiamu

Uzuri wa aluminiamu ni kwamba ipo. Kila mtaa una fundi wa madirisha na milango ya vioo, na nyuma ya karakana yake pana rundo la mabaki. Aina inayotumika sana kwenye maboriti hayo ni 6063, na kwa kiunzi ni nzuri kabisa: inapitisha umeme vizuri, inakatika kwa msumeno wa mkono, inatobolewa kwa drili ya kawaida, na kwa kuwa ni laini inaumana na kipande bila kukichimba sana.

Mtego ni mmoja. Mabaki ya madirisha karibu yote yameshapakwa rangi ya unga au yameshapigwa anodaizi kiwandani, hata yale yanayong'aa kama fedha ukadhani ni chuma kitupu. Weka mita ya umeme kwenye mlio, gusa ncha mbili juu ya boriti. Isipolia, hiyo ina gamba. Likwangue kwa msasa au livue kwa kostiki (sodiamu haidroksaidi), vinginevyo umefunga kiunzi kisichopitisha hata ampea moja.

Ubaya wa aluminiamu ni kwamba yenyewe inapigwa anodaizi pamoja na kipande. Kutokana na hilo yanafuata matatu. La kwanza, inakunywa umeme wako: chukua kiunzi chenye uso wa desimita mraba 8 ndani ya asidi, na vipande vyenye jumla ya desimita mraba 20. Kwa ampea 1.5, vipande vinahitaji ampea 30, lakini inabidi uweke 42, kwa sababu 12 zinakwenda kwenye kiunzi. Ukisahau kukihesabu kiunzi, gamba la vipande litatoka pungufu karibu kwa theluthi, na hutajua kwa nini. Mwenye chaja ya ampea 40 hapo ameshakwama.

La pili, baada ya kila mzunguko kiunzi kimevaa gamba, na lazima kivuliwe kabla ya kutumika tena. Unakitumbukiza kwenye maji ya kostiki ya moto, gramu 50 hadi 100 kwa lita, nyuzi 50 au 60. Mwanzo kimya. Gamba linayeyuka bila makeke, kisha ghafla mapovu yanaanza kufoka, na hapo ujue kostiki imefikia chuma. Toa mara hiyo. Ukichelewa inakula kiunzi bure. Kinatoka na masizi ya kijivu ambayo unayaosha kwa asidi ya naitriki au unayasugua kwa brashi, kisha unasuuza. Kila ukivua, chuma nacho kinapungua kidogo. Waya wa milimita 2 unakonda, ndoano zinalegea, na siku moja kipande kinadondoka chini ya pipa katikati ya kazi.

La tatu ni springi. Waya wa aluminiamu ukiukunja ubane, unabana leo. Kesho umechoka. Ukiutikisa ndani ya pipa kidogo tu, mguso umehama.

Kama unatumia waya, jua ni waya gani. Waya wa umeme wa nguzoni ni aluminiamu safi, lakini ni laini mno, haubani, na nyaya nyingi za aina hiyo zina kiini cha chuma katikati. Kiini hicho kikiingia kwenye asidi kitaliwa na kuchafua pipa. (Na ukiuziwa waya kama huo kwa kilo na kijana asiyejua kueleza ameutoa wapi, mwache aende nao.) Fimbo za kulehemu aluminiamu ni afadhali. Zipo aina mbili madukani, 4043 na 5356. Ya kwanza ina silikoni kama asilimia 5 na inatoka na masizi meusi kila ukiivua. Ya pili ina magneziamu, ni ngumu zaidi, na ndiyo ya kuchagua.

Titaniamu

Ukiiweka titaniamu upande wa chanya ndani ya asidi ya salfa, nayo inavaa gamba, ila gamba lake ni jembamba mno, linaota kwa muda mfupi, kisha linasimama. Kwa volti tunazotumia umeme haupiti tena kutoka kwenye titaniamu kwenda kwenye maji. Lakini pale ilipoumana na aluminiamu, chuma kwa chuma, unapita. Kwa hiyo umeme wote unakwenda kwenye kipande. Hakuna kukihesabu kiunzi, hakuna kostiki, hakuna kukonda. Fimbo inabadilika rangi tu, dhahabu ya kiza, kisha zambarau, na ukipandisha volti zaidi inakuwa buluu. Hiyo buluu ni gamba lenyewe linavyochezea mwanga. Haina madhara, na wateja wanaipenda kuiona.

Springi yake haichoki. Ukiikunja ikabana, itabana miaka. Faida hii inaonekana zaidi umeme unapokatika katikati ya kazi, jambo ambalo hatuhitaji kuelezana. Vipande vikikaa ndani ya asidi bila umeme, gamba linaanza kuyeyuka taratibu. Inabidi unyanyue kiunzi chote, usuuze, usubiri bila kukigusa kipande, umeme ukirudi uendelee. Mguso usiposogea, kazi inaendelea pale ilipoishia. Kwa ndoano za aluminiamu kunyanyua na kurudisha ni bahati nasibu. Kwa titaniamu iliyobana sawasawa sina wasiwasi.

Sasa ubaya wake, maana wauzaji hawausemi. Titaniamu haipitishi umeme vizuri. Chukua fimbo ya milimita 3, urefu wa sentimita 30, ipitishe ampea 10. Ikiwa ni aluminiamu ya 6063 utapoteza kama volti 0.014, huioni hata kwenye mita. Ikiwa ni titaniamu safi, daraja la 2, unapoteza karibu robo ya volti, na fimbo inatoa joto la wati 2.4. Ikiwa ni daraja la 5, ile iliyochanganywa na aluminiamu asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4, unapoteza volti 0.7 na joto linapita wati 7. Fimbo moja si neno. Kiunzi chenye fimbo 10, nyingine fupi, nyingine ndefu, nyingine za daraja hili na nyingine lile, kinampa kila kipande volti yake. Gamba linatofautiana unene, na ukitumbukiza kwenye rangi unapata buluu kumi zisizofanana. Mteja aliyeleta seti ya vitasa hataelewa hadithi ya vanadiamu.

Ndiyo maana kwa fimbo na ndoano chagua daraja la 2. Daraja la 5 ni imara zaidi, hilo kweli, na ndilo linalouzwa kwa wingi kama bolti za baiskeli na pikipiki, lakini hapa uimara huo hatuuhitaji.

Mengine ni madogo ila yana gharama. Titaniamu inaliwa na chochote chenye floraidi. Baadhi ya dawa za kuondolea masizi kabla ya anodaizi zina floraidi, kwa hiyo soma kopo kabla ya kutumbukiza kiunzi chako cha thamani. Ukiikunja inarudi nyuma, kwa hiyo ikunje kupita pembe unayotaka. Na vumbi lake linawaka moto. Ukiipiga grainda, fagia mara moja, usiliache likijikusanya pamoja na makapi ya mbao.

Nikiviweka ubavu kwa ubavu:

| | Aluminiamu 6063 / 5356 | Titaniamu daraja la 2 |
|---|---|---|
| Upatikanaji | Mtaani, siku hiyohiyo | Kuagiza |
| Kupitisha umeme | Nzuri sana | Ndogo, kama mara 17 chini ya 6063 |
| Inakunywa ampea za kazi? | Ndiyo, ihesabu uso wake | Hapana |
| Kuvua gamba kwa kostiki | Kila mzunguko | Haihitaji |
| Kubana baada ya muda | Inachoka | Haichoki |
| Adui | Kostiki, kila siku | Floraidi |
| Inafaa wapi | Kazi ya mara moja, umbo la ajabu, kipande kikubwa kizito | Kazi inayojirudia, vipande vingi vinavyofanana |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio wa kuzingatia. Mtu akiniletea mkono mmoja wa usukani wa boti, mkubwa, ambao sitauona tena, naukunjia boriti la aluminiamu, nalibana kwa nguvu, na baada ya kazi linakwenda kwenye vyuma chakavu. Kununua titaniamu kwa ajili yake ni kujipa presha. Akija mwenye kilabu cha kuzamia na vishikizo 40 vya taa, vyote sawa, na anasema ataleta vingine baada ya msimu wa kusi, hapo aluminiamu ndiyo ghali. Hesabu kostiki, maji ya kusuuzia, na mchana mzima wa kijana anayevua ndoano moja moja.

Kwa karakana inayoanza mimi napendelea mchanganyiko, na sijaona sababu ya kuubadilisha: mgongo wa kiunzi uwe boriti nene la aluminiamu, au bapa la shaba nyekundu, ukae juu ya maji moja kwa moja, usiguse asidi. Kutoka kwenye mgongo teremsha fimbo za titaniamu, zote urefu mmoja, zote daraja moja, zilizofungwa kwa bolti ili ziweze kubadilishwa. Umeme unasafiri masafa marefu kwenye chuma kinachopitisha, na sehemu fupi tu iliyo ndani ya asidi ndiyo ya titaniamu. Viwandani wanatumia pia viunzi vya shaba au aluminiamu vilivyovikwa plastiki nene, ncha tu zikiwa za titaniamu. Ni vizuri hadi siku plastiki itakapochanika. Kama ndani ni shaba, asidi itaingia, shaba itayeyuka ndani ya pipa, na utaanza kuona madoa ambayo huwezi kuyaelezea. Kwa karakana ndogo sioni haja.

Vile ambavyo havishuki chini ya maji

Chuma cha kawaida, bolti za zinki, shaba nyekundu, shaba ya manjano: hakuna mjadala, vyote vinaliwa na kuchafua asidi. Shaba ni ya juu, ya kubeba umeme, na huko juu nako ipake grisi kwani mvuke wa asidi unaipiga ukungu wa kijani.

Stenlesi ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu ina sifa njema. Alikuja kijana mmoja kutoka kwenye karakana ya boti, ameshika vishikizo viwili vyenye bolti ndani.

"Shikamoo fundi. Hizi zimekwama, lakini ni stenlesi, hazipati kutu. Ziache humohumo."

"Marahaba mwanangu. Kutu si hoja. Hoja ni umeme."

Nilimfungia kipande kibovu chenye bolti ya stenlesi ili aone mwenyewe. Ukiwasha, sindano ya ampea inaruka juu huku volti zikiwa chini, na mapovu yanafoka kwenye kichwa cha bolti, wakati aluminiamu pembeni imetulia kama haimo. Stenlesi haijifungi kama titaniamu. Inaacha umeme upite kwenda kwenye maji bila kizuizi, na umeme, ukiwa na njia rahisi, hauhangaiki na ngumu. Bolti inaanza kuliwa, maji yanabadilika rangi taratibu, na kuzunguka tundu aluminiamu inachimbika. Kipande kizima kinatoka bila gamba la maana.

Kwa hiyo bolti, ribiti za pop zenye msumari wa chuma ndani, bushi za shaba, na springi za stenlesi zinazotiwa kwenye matundu yaliyokufa meno, zote zitolewe kabla. Kisichotoka kwa nguvu, pasha moto, tia mafuta ya kupenya, kipe usiku mzima. Kikikataa kabisa, mwambie mwenyewe kwamba kipande hiki ni cha kupakwa rangi, si cha anodaizi.

Plastiki nazo zina makabila. Nailoni, ile ya vifungo vya waya na bolti nyeupe, asidi inaila. Inabadilika ikawa dhaifu na kukatika. Polipropilini inastahimili asidi na inastahimili pia maji ya moto ya kuzibia vinyweleo vya gamba mwishoni, ambayo ni nyuzi 96 hadi 100. PVC inafaa kwenye asidi baridi, lakini kwenye maji hayo ya moto inalegea, kwa hiyo kiunzi chenye vipande vya PVC lazima ukifungue kabla ya hatua ya mwisho. Na kumbuka plastiki inashika tu, haipitishi umeme. Mahali pamoja penye chuma lazima pabaki.

Bolti ndani ya tundu lenye meno

Kila mguso unaacha alama, nukta isiyo na gamba. Swali ni alama hiyo ikae wapi. Kipande kikiwa na tundu lenye meno, huko ndiko pa kuificha: fungia bolti ya titaniamu ndani, kaza nati ya titaniamu juu yake ili isilegee, na bolti hiyohiyo inakuwa ndoano. M4, M5 na M6, yaani bolti za kipenyo cha milimita 4, 5 na 6, zinatosha kwa kazi nyingi. Hapa daraja la 5 halina ubaya. Umeme unapita sentimita mbili tu na upotevu ni mdogo mno, tena meno yake hayachakai upesi kama ya titaniamu safi, ambayo ina tabia ya kujishika na kung'ang'ania.

Usikaze kwa hasira. Meno ya aluminiamu ni laini na titaniamu ni ngumu, ukiyaua umenunua kipande cha watu.

Tundu jingine ambalo hulitumii lizibe kwa kizibo cha silikoni, hasa likiwa na meno madogo. Gamba la maikroni 20 linajitokeza nje ya uso wa awali kwa karibu nusu yake, maikroni 10. Kwenye meno ya bolti, kwa sababu ya mteremko wa pembe, nafasi inayopungua kwenye kipenyo cha katikati ya meno ni mara nne ya hapo, karibu milimita 0.04. Kwa M8 husikii sana. Kwa M3 na M4 bolti iliyokuwa inaingia kwa vidole itadai bisibisi, na mteja atasema umemharibia.

Maji na barafu

Hili linagusa kiunzi chochote utakachochagua. Visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima vingi karibu na pwani vina chokaa na chumvi. Kloraidi ya chumvi ikiingia kwenye asidi, hata kidogo, aluminiamu inachimbika vishimo vidogovidogo wakati wa anodaizi. Ukiona vishimo vimejikusanya karibu na mguso usikimbilie kumlaumu aliyekuuzia titaniamu. Chunguza maji yako. Pipa la asidi na la kuzibia yatiwe maji yaliyotoneshwa (distilled). Maji ya mvua ya masika yaliyokingwa vizuri, bati likiwa limeshaoshwa na manyunyu ya mwanzo, yanafaa kusuuzia.

Joto nalo. Msimu wa kaskazi maji yanayokaa ndani ya karakana yanapita nyuzi 28, na kwa joto hilo gamba linatoka laini, la unga, linafutika kwa kidole. Barafu ya wavuvi inafaa kupoza, ila iingie ndani ya chupa za plastiki zilizofungwa, isiguse asidi, maana hujui ilitengenezwa kwa maji gani. Na viunzi vya titaniamu vinaongeza joto lao kidogo: fimbo 10 za hesabu ile ya juu ni wati 24, juu ya wati zaidi ya elfu moja zinazotokana na kazi yenyewe. Si nyingi, lakini mchana wa Februari kila wati linadai barafu.

Bolti za kufungia kazi ikiisha

Hapa stenlesi inarudi, na mahali pake ni hapa. Madukani kuna aina mbili za stenlesi, A2 na A4. Kichwa cha bolti ya kweli kimechapwa, A4-70 au A4-80. A2 kando ya bahari inatoa madoa ya rangi ya chai, A4 inavumilia. Isipokuwa na chapa yoyote, ichukulie kuwa si A4, hata muuzaji aape. Sumaku haitakusaidia kutenganisha A2 na A4. Kati ya bolti na aluminiamu weka washa ya nailoni na grisi nzito kwenye meno, ili vyuma viwili visigusane na maji ya chumvi yakiwa katikati. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye kipande kikubwa cha aluminiamu inavumilika. Ribiti ndogo ya aluminiamu kwenye bati kubwa la stenlesi haivumiliki, itakwisha yenyewe.

Ukiagiza titaniamu

Njia nyepesi ni fimbo za kulehemu za titaniamu daraja la 2, urefu wa mita 1. Unene wa milimita 2.4 unafaa ndoano na springi ndogo, 3.2 unafaa fimbo za kuteremkia. Mwagize mtu wa Dar es Salaam au agiza nje; uliza daraja kwa maandishi.

Zikifika, zipime kabla ya kulipa kilichobaki. Sumaku haitoshi, kwani stenlesi nyingi nazo hazishikwi. Peleka kwa sonara mwenye mizani ya gramu: fimbo ya milimita 3.2 yenye urefu wa mita 1, ikiwa titaniamu, inakuwa na gramu 36 hivi. Ikiwa stenlesi inafika 64. Ikiwa aluminiamu haifiki 22. Au iguse kwenye grainda kidogo, gizani: titaniamu inatoa cheche nyeupe kali zinazoumiza macho, stenlesi inatoa chache za rangi ya chungwa. Kwa pipa la lita 60 fimbo 6 za 3.2 na 4 za 2.4 zinakuanzisha vizuri, pamoja na bolti nne nne za M4, M5 na M6 na nati zake. Vipande vinavyobaki baada ya kukata usitupe. Urefu wa sentimita 8 unatosha ndoano ya bawaba.